Siku Mtani Wetu Alipoacha Utani

Naikumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, siku ambayo Mzee Rajabu alifika nyumbani kwetu Ruhuwiko, hapa Songea, akakaa kwenye mkeka bila kumtukana mtu. Utasema, kuna ajabu gani hapo? Ajabu ni kwamba yeye alikuwa Myao wa Nalasi, huko Tunduru, na sisi ni Wangoni, watani wao, na tangu nipate akili sikuwahi kumwona anavuka kizingiti chetu bila kwanza kututania mpaka majirani wacheke. Siku hiyo aliitikia shikamoo yangu kwa sauti ndogo, akakaa, akanyamaza. Shangazi yangu Yustina, mwanamke asiyemwogopa hata padri, akaanza kulikunja pindo la kanga yake na kulikunjua, kulikunja na kulikunjua.

Lakini nimeanza katikati. Mnanijua mimi, uji siusubiri upoe, na hata sasa nikiwa bibi naongea nimesimama kwa sababu kiti kinanichoma. Ngoja nirudi nyuma, nanyi mlioanza kazi juzi hapa kituoni mnisikilize, maana jambo lenyewe linawahusu kuliko mnavyodhani.

Kituo hiki kilipoanza hakikuwa na gari wala bango. Palikuwa na mabanda ya miti na wavu wa waya hapo mlimani, na mkubwa wake alikuwa huyo Mzee Rajabu, askari wa wanyamapori aliyestaafu. Kazi ilikuwa hii hii mnayoifanya leo: mnyama aliyeumia atibiwe, mtoto aliyefiwa na mama yake alelewe, kisha wote warudi porini. Mimi nilichukuliwa kuwanywesha maziwa wale wadogo. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule, nisiyejua kutulia, na baba yangu alikuwa amezikwa mwaka ule ule.

Sasa, mnajua nani aliyekuwa akituletea wanyama? Majina yetu. Wangoni wengi tuna majina ya ukoo yaliyo ya wanyama, na kwa wazee wetu mtu hali mnyama wa jina lake. Basi akina Komba walituletea komba walioanguka pamoja na miti iliyokatwa. Akina Nungu walileta nungunungu ndani ya magunia, wakafika mikono imejaa miiba na bado wanabembeleza. Akina Tembo hawakuweza kumbeba ndugu yao, ila walikuwa wa kwanza kuleta habari. Akina Nyoni, yaani ndege, hao walileta kila chenye manyoya, mpaka siku moja wakaleta kuku aliyevunjika mguu. Mzee Rajabu akawashukuru sana, akamla.

Mimi ni wa ukoo wa Mbawala.

Moto ulipopita kwenye mapori ya Madaba, mtu mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa akilima huko alimkuta mbawala jike amekufa, na mtoto wake amejificha kwenye mwanya wa mawe, mzima, akitetemeka. Kwa mtu mwingine hicho kingekuwa kitoweo kilichojileta. Yeye alivua shati, akamfunga humo, akapanda lori la mbao hadi mjini. Nilimpokea mimi. Alikuwa mwekundu, ana madoa meupe mapajani, na macho yake yalinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Shangazi Yustina, dada yake marehemu baba, akaja kumwona. Akamtazama kwa muda, akasema, "Kaka yangu amerudi."

Msicheke. Kwetu jina la marehemu halitupwi, hurithiwa na mtoto anayezaliwa baada yake. Mwaka ule hakuna mtoto aliyezaliwa kwetu, na shangazi alikuwa anahangaika nalo jina lile, hajui pa kuliweka. Akampa mbawala. Akaitwa Otmari, jina la baba yangu. Na mimi, ambaye tangu mazishi nilikuwa nikizunguka uani bila kujua natafuta nini, nikapata wa kumwita baba.

Tulimlea, mwanangu. Jamani, tulimlea. Nilimpa maziwa ya mbuzi kwa chupa, na kila nilipofika nilipiga debe kidogo kwa kidole ili ajue chakula kimekuja. Jumapili baada ya misa ukoo mzima ulipanda mlima kuja kumsalimia. Huyu analeta viazi vitamu, yule majani ya maharage, mwingine tonge la ugali. Wajomba walimkuna shingo na kumweleza habari za mashamba. Alikuwa anakuja mwenyewe, anaweka pua kwenye kiganja cha mtu yeyote, awe amemwona kabla au hajawahi kumwona. Pembe zilipoanza kumchomoza tulifurahi kama tumepata daraja la kwanza kwenye mtihani.

Mzee Rajabu alituona na hakunyamaza. Nataka mlielewe hili vizuri, maana ndipo kosa letu lilipolala. Alisema tangu mwanzo, alisema kila Jumapili. Tatizo ni kwamba alikuwa mtani wetu, na mtani neno lake huchekwa.

"Wangoni, Mungu kawapa mashamba akawanyima akili," alikuwa anasema. "Mnamnenepesha huyu kwa ajili ya nani? Mtamuua kwa viazi."

Na shangazi alikuwa anamjibu, "Wewe Myao unakitamani kitoweo tu. Nenda kwenu Nalasi ukatafune korosho."

Tunacheka, yeye naye anacheka, kila mtu anashuka mlima amefurahi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na sisi tuliijua methali hiyo toka utotoni. Tuliijua kama wimbo wa shuleni, yaani mdomoni tu.

Wakati ukafika wa kumfungulia. Mnajua utaratibu: mlango huachwa wazi, mnyama anatoka kidogo kidogo, anazoea pori la nyuma, mwisho harudi. Otmari alitoka siku ya kwanza akaenda moja kwa moja mashambani. Kwenye shamba la maharage alimkuta kijana mmoja na mbwa wake wawili. Kijana hakuwa mbaya. Wala hakuwa wa ukoo wetu. Aliona mbawala dume anamjia mchana kweupe, bila hofu, ameinua pua, akaamini ana kichaa cha mbwa. Akamkata kwa panga begani. Mbwa wakamrukia. Mama mmoja wa kwetu aliyekuwa akipalilia jirani akapiga ukelele, "Otmari!" na yeye, damu inamwagika, akakimbilia ile sauti.

Ndiyo ikawa siku ile Mzee Rajabu alipokuja kukaa kwenye mkeka.

Tulimletea maji, akayaweka pembeni. Shangazi akajaribu. "Leo Myao kameza nini? Panya amekwama kooni?"

Mzee Rajabu akamtazama. "Yustina, leo sikuja kama mtani. Kama una kicheko, kicheke chote sasa umalize."

Hakuna aliyecheka.

"Nyinyi hamli mbawala," akasema. "Vizuri, na wallahi nawaheshimu kwa hilo. Lakini mmemlea yule mnyama mpaka akaamini dunia nzima ni ukoo wa Mbawala. Dunia si ukoo wa Mbawala. Dunia ina akina Komba, ina akina Nyoni, ina sisi Wayao, na wote hao wana sufuria."

"Tulikuwa tunampenda," shangazi akasema.

"Najua. Na mimi nilikuwa nawaambia tangu siku ya kwanza."

"Ulikuwa unatania."

"Nilitania kwa sababu nilijua hamna sikio la lugha nyingine. Kumbe hata hiyo hamkuisikia."

Shangazi akainamisha kichwa. Mzee Rajabu akaendelea, polepole, kana kwamba kila neno analinunua. Kidonda kimeshonwa, akasema, kitapona. Kikipona kuna mawili: afungiwe bandani mpaka afe, au afundishwe kuwaogopa watu. La tatu halipo.

"Basi mfukuze wewe," shangazi akasema. "Wewe ni mtani. Wewe unaruhusiwa kumtukana."

"Nikimfukuza mimi atawaogopa Wayao peke yao. Na hapa Songea Wayao tuko wangapi?" Midomo yetu ilitaka kucheka, lakini yake ilikuwa imefungwa. "Lazima afukuzwe na wale anaowaamini. Akijua kwamba hata ninyi ni wa kukimbiwa, hapo atamkimbia kila mtu."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe binti ndiye unayeshika chupa. Wewe ndiye utakayeanza."

Nilitoka nje nikafagia uwanja uliokuwa umekwisha kufagiwa. Nikateka maji, mtungi ukiwa umejaa. Nikaenda hadi njia panda na kurudi, sina nilichofuata. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote, nawaambia ukweli, na nilimchukia zaidi kwa kuwa nilijua yuko sawa. Baba yangu nilimzika mara moja. Sasa naambiwa nimpige mawe.

Aliyenisaidia ni shangazi. Siku kidonda kilipofunga, alijifunga kanga, akapanda mlimani, akasimama mbele ya banda. Akasema, "Otmari, kaka yangu, jina lako nalichukua. Hujanikosea kitu. Huyu mnyama halimfai, litamuua. Nitakutafutia mtu." Akapiga ishara ya msalaba, akashuka bila kugeuka. Alilia njia nzima, na nilipotaka kumshika mkono akaniambia nimwache. Toka hapo hatukumwita Otmari tena. Hatukumwita jina lolote.

Kesho yake nikaanza. Nilisimama ndani ya ua nikapiga debe kwa gongo, kwa nguvu, huku napiga kelele. Yeye akaja mbio. Si debe lile lile la maziwa? Alifika hadi magotini kwangu, anatafuta chupa. Nikaokota bumba la udongo nikamtupia, likampata ubavuni. Akasimama, akanitazama. Hakukimbia. Nadhani alikuwa anasubiri nimwambie kwamba nimekosea. Nikamtupia la pili, na la tatu, na lile la nne likaniangukia mimi mwenyewe miguuni.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema kwamba usipomchelea unalia vilevile. Tofauti ni kwamba mwana anabaki hai.

Jumapili iliyofuata ukoo ulipanda mlima kama kawaida, lakini mikononi hapakuwa na viazi. Walibeba masufuria, madebe na matawi ya miti. Wajomba wale wale waliomkuna shingo walisimama wamezunguka wavu, wanapiga kelele, wengine sauti zinawakatika. Majirani wakasema akina Mbawala wamerukwa na akili. Shangazi alikuwa mbele kabisa na sufuria lake kubwa la misibani, analipiga huku amefumba macho.

Iliendelea hivyo kiangazi kizima. Kuna asubuhi moja nilifika peke yangu na kiazi mfukoni. Sikumbuki nilikiweka saa ngapi, mkono ulikiweka wenyewe. Alikuwa amesimama karibu na wavu, anaogopa kusogea na anaogopa kuondoka, amekonda kidogo. Hakuna mtu wa kuniona. Nikakitoa kiazi. Akanusa upepo, akapiga hatua moja.

Nikakitia mdomoni. Nikakitafuna mwenyewe, kibichi, na maganda yake, mbele ya macho yake, machozi yakinishuka hadi kidevuni. Kisha nikaokota debe. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, mwanangu, na nimezaa mara tano.

Mvua za kwanza zilipoanza, nilipanda siku moja na ndoo ya maji, napita kimyakimya kwa sababu njia ilikuwa ya utelezi. Nilipofika kwenye kichaka cha mwisho nikasikia mlio mkavu, kama mbwa mkubwa aliyekauka koo. Ndoo ikaniponyoka. Alikuwa yeye. Mbawala dume akiona adui hubweka, na alikuwa ameniona mimi. Akapiga kwato chini, akageuka, akapotea kwenye majani upande wa pili wa ua kabla sijamwona vizuri.

Nilikaa chini kwenye tope. Hapo nyuma yangu alikuwa Mzee Rajabu, ametoka kwenye banda la komba.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Amenibwekea mimi."

"Alhamdulillahi." Akaniinua kwa kiwiko, akanipangusa tope kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkeka uso wake ukafunguka. "Sasa nimeamini, kuna Mbawala mmoja mwenye akili."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, mpaka nikapaliwa.

Walimpeleka mbali, mapori ya ndani zaidi ya Madaba, huku amefunikwa macho. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Mzee alisema mnyama asimalize nguvu zake safarini kwa kuniogopa mimi, azitunze kwa ajili ya huko. Alirudi jioni na neno moja tu: "Hakugeuka." Sikupata habari nyingine, wala sikutafuta. Pengine aliishi miaka mingi, pengine chui alimpata wiki ile ile. Ndiyo maana mnaniona situlii, mbwa wakibweka ng'ambo nainuka. Nimekwisha kuelewa kwamba hali hiyo haiponi, nami sitaki ipone.

Jina la baba lilikaa miaka kadhaa bila mtu, hadi nilipozaa mtoto wa kiume nikampa. Huyo naye alipotaka kukaa jikoni kwangu mpaka ndevu zimemjaa, nilimwonyesha mlango. Alinuna. Sasa ana mke na shamba lake huko Mbinga, na akija kunitembelea anakaribishwa chai, anakunywa, anarudi kwake.

Sasa nawaambia niliyotaka kuyasema tangu asubuhi. La kwanza ni la masikio. Mtu akikwambia ukweli huku anacheka, usicheke ukauacha ukweli. Watani, walevi, watoto, hata adui yako, yeyote anaweza kutumwa na neno linalokufaa. Sisi tulipokea kicheko tukaliacha neno barabarani, na aliyelipa ni asiyejua hata kutania. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mara nyingi guu linalovunjika ni la mwingine.

La pili ndilo lililonifanya nipande mlima huu na magoti yangu haya. Wiki hii nimekuona, mwanangu, umembeba yule mtoto wa tumbili begani, unampiga picha na simu, unamtafunia ndizi. Wenzako wamekusifu. Sikukugombeza mbele yao, na sikugombezi sasa. Najua ulikotoka, najua nyumbani kwenu kuna msiba, na najua yale makucha madogo yanavyoshika shingo mpaka mtu anasahau. Lakini yule si wa kukuponya wewe. Wewe ndiye uliyewekwa umponye yeye, na siku akipona atakuwa hakutaki. Ukitaka kumjua mtu anayependa, usiangalie anavyokumbatia. Angalia kama amekulea ili uweze kuishi asipokuwepo, hata kama ilibidi umchukie kidogo.

Kwa hiyo nenda kamshushe. Mrudishe kwa tumbili wenzake kwenye lile banda kubwa. Atalia, atanyoosha mikono kwenye wavu, atakutazama kama unamtupa. Mwache alie. Na wewe ukitaka kulia, lia, ila lia ukiwa umempa mgongo.

Mungu wa baba zetu akubariki, mwanangu, wewe na wote wanaokesha na wasio wao. Akupe mkono mwepesi wa kulisha na moyo mgumu wa kufukuza. Na siku mmoja wao atakapokuona akakimbia mbio zake zote, akujalie kujua kwamba hapo umeshukuriwa.